Jinsi ya kuukaribia mlio wa Rory Gallagher jukwaani bila kufilisika

Wapo wapiga gitaa wanaopanda jukwaani na pedali (visanduku vya kubadili mlio vinavyokanyagwa) zimejaa miguuni kama vyombo vya biashara. Rory Gallagher wa Ayalandi, aliyefariki London tarehe 14 Juni 1995 akiwa na miaka 47, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitikisa kumbi kwa gitaa la Stratocaster lililochubuka, kisanduku kimoja cha kuongeza makali na amplifaya. Mwongozo huu ni kwa mwenye gitaa la umeme la kawaida, anayejua skeli ya pentatoniki na anaweza kupita blues ya baa 12, lakini kila akipiga solo linatoka bapa, halina kupanda wala kushuka.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kununua

Tafuta Irish Tour '74, albamu iliyorekodiwa Januari 1974 katika maonyesho ya Belfast, Dublin na Cork. Ayalandi ya Kaskazini ilikuwa kwenye mabomu na risasi, na wasanii wengi walikuwa wakiikwepa Belfast. Yeye alikwenda, na shukrani ya wale watu unaisikia kwenye rekodi.

Anza na "A Million Miles Away". Achana na noti kwanza. Chukua karatasi, chora mstari unaopanda gitaa linapokaza na kushuka linapolegea. Utaona milima na mabonde, na hiyo ndiyo ramani yako ya hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Gitaa

Lake lilikuwa Fender Stratocaster ya 1961. Alilinunua kwa mkopo mwaka 1963 kwenye duka la Crowley's mjini Cork, bei pauni 100, akiwa kijana wa miaka 15. Miaka ya jasho la jukwaani ilibandua rangi hadi mbao ikabaki uchi. Siku hizi yanauzwa magitaa mapya yaliyokwanguliwa makusudi yafanane na lile, kwa bei ya kutisha. Mkwaruzo wa rangi hausikiki kwenye spika. Nakala yoyote yenye pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) tatu za koili moja inatosha; funga nyuzi za kuanzia unene wa inchi .010, kisha endelea.

Hatua ya 3: Kisanduku na amplifaya

Rory alipitisha gitaa kwenye kisanduku cha Dallas Rangemaster, kisha amplifaya ya Vox AC30. Rangemaster ina knobu moja tu. Inazidisha sauti za juu na kuisukuma amplifaya ya valvu mpaka ianze kukwaruza. Wengi hudhani mkwaruzo unatoka kwenye kisanduku; kwa sehemu kubwa ni amplifaya yenyewe inayolalamika. Ndiyo maana ukikichomeka kwenye amplifaya safi yenye sauti ya chini utapata mlio mwembamba unaochoma masikio, kisha ulaumu pedali.

Nakala za kisanduku hiki zipo nyingi. Waya wa gitaa uingie humo moja kwa moja, pasiwe na pedali nyingine kabla yake. Punguza trebo (sauti za juu) ya amplifaya. Panda na volyumu taratibu hadi ufike mahali ambapo ukigusa uzi kwa upole mlio ni safi, ukigonga kwa nguvu unakwaruza. Simama hapo hapo.

AC30 ni wati 30 za valvu, na kwenye nyumba ya kupanga utahamishwa. Chukua ya wati 5, au programu ya simu yenye mfano wa AC30.

Hatua ya 4: Knobu ya volyumu

Hapa ndipo kazi ilipo. Sisi tuliokulia kwenye solo safi la dansi na rumba tuna tabia ya kuifungua volyumu ya gitaa yote na kuisahau. Mtazame Rory kwenye video yoyote ya jukwaani: kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikai mbali na knobu.

Weka pikapu ya shingoni, volyumu 4. Piga msururu mfupi wa noti tano. Mlio uwe karibu safi. Sasa panda 7 bila kusimamisha mdundo, urudie noti zile zile. Halafu hamia pikapu ya daraja, 10, noti zile zile tena. Una sauti tatu tofauti na hujakanyaga kitu chochote.

Zoezi la pili: funga volyumu kabisa, gonga uzi, kisha ifungue kwa kidole kidogo. Noti inaingia bila kishindo cha kugongwa, kama fidla. Polepole mwanzoni, kwa sababu kidole hicho kwa wengi wetu ni kivivu. Kisipofika kwenye knobu, sogeza mkono mzima karibu na daraja.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia

Shika piki fupi, ncha ichungulie kidogo tu kati ya kidole gumba na cha shahada. Gonga kuelekea chini, na papo hapo ubavu wa gumba uguse uzi. Noti inapiga mbinja. Rory alizinyunyizia mbinja hizi katikati ya sentensi. Usifanye kila noti ipige, utachosha watu.

Kisha tumia kidole cha kati na cha pete kunyofoa nyuzi za juu huku piki ikipiga za chini. Hapo unasikia ladha ya muziki wa asili wa kwao ndani ya blues.

Hatua ya 6: Imba, kisha jibu

Alikuwa mwimbaji pia, kwa hiyo gitaa lake linapumua pale mtu anapopumua. Imba mstari mmoja, hata kama huna sauti. Jibu kwa gitaa ndani ya baa mbili, nyamaza, imba tena. Wenye bendi, mwambie wa besi ashushe sauti unaposhuka. Gerry McAvoy, mpiga besi wake, alimfuata Rory kwa miaka mingi, na bila mtu kama yeye volyumu yako ya 4 itamezwa na ngoma.

Rekodi kwa simu ukiiweka mwisho wa chumba, mbali na spika. Chora tena ule mstari wa hatua ya 1, safari hii wa kwako. Mstari ukitoka umenyooka, rudi hatua ya 4.