Jinsi ya kununua posti za fensi bila kubebeshwa mtarakwa wa wizi

Mwaka juzi nilikuwa nafensi ploti yangu huku Njoro, futi hamsini kwa mia, na ukiweka posti kila futi kumi zinafika kama thelathini hivi. Jamaa fulani akaniambia anazo, bei poa, ataleta usiku. Saa tano pikap ikaingia taa zimezimwa, na mimi bila akili nikalipa. Asubuhi nikaona zote zimepakwa oili chafu, nikachonga moja na panga: nje weupe mwembamba, ndani wekundu wa zambarau, na ile harufu ya penseli ukiichonga darasani. Mtarakwa, ule mti asili wa msituni.

Sasa kabla ulaumu wale wanaokata miti na pawasoo huko msitu wa Mau, angalia hesabu. Mashamba yetu yamekatwa ploti na kila ploti inataka fensi. Mtarakwa mchwa haugusi, kwa hivyo kila mtu anautaka, lakini unakua polepole sana, nani atapanda kitu atakachovunia wajukuu? Miti asili kwa misitu ya serikali ilipigwa marufuku kukatwa tangu 1986, halafu Februari 2018 hata kukata saipresi ya kupandwa kukasimamishwa kwa miaka kadhaa, bei ya mbao ikapanda, na kijana asiye na kazi mwenye shoka anaona pesa imesimama pale msituni. Sisi wanunuzi ndio tunamwamsha usiku.

Basi ukinunua, kwanza chonga. Usikubali kuangalia na macho tu, kata kipande mwishoni unuse. Angalia pia umbo: posti ya mtarakwa mara nyingi imepasuliwa na kabari, ina kona kona, lakini bluugamu (mkaratusi) iliyotiwa dawa ni ya mviringo na ina rangi ya kijani kijani.

Pili uliza kibali cha kusafirisha cha KFS, shirika la serikali la misitu, na ukisome, usionyeshwe tu kwa mbali. Aina ya mti na idadi vilingane na kilicho kwa gari. Akikwambia "imetoka kwa shamba la babu" bado kibali kinahitajika, hapo usione haya mkuu.

Mzigo wa usiku, kataa. Hakuna maelezo.

Kama unaogopa mchwa, chukua bluugamu ya dawa ama posti za simiti. Za simiti ni nzito na fundi atanung'unika kuzibeba, ni sawa.

Na si mtarakwa peke yake. Huko msitu wa Kakamega mti wa mwiritsa huambuliwa gome la dawa, ukiambuliwa mzunguko mzima unakauka umesimama. Msandali ndio mbaya zaidi, unang'olewa na mizizi kwa sababu mafuta yako hadi huko chini, hakuna kisiki cha kuchipuka.

Zile zangu thelathini bado zimesimama, mchwa haujagusa hata moja. Kila fundi akipita hapa ananiomba namba ya yule jamaa.