Kisiwa cha Ugiriki kwa likizo: uliza upepo kwanza, picha baadaye

Agosti moja nilishinda kutwa nzima kwenye bandari ya Rafina, mashariki ya Athens, nikiwa na mama yangu, wanangu wawili, mabegi manne na tiketi za boti ya kasi ambayo haikuondoka. Jua linawaka, mbingu haina hata wingu. Lakini bahari ilikuwa imechafuka na walinzi wa pwani walikuwa wamezuia vyombo kutoka. Mama, ambaye amekulia Tanga, aliitazama bahari kidogo tu akaniuliza kama watu wa huku hawana msimu wao wa kusafiri, maana kwao mtu haingii chomboni bila kujua upepo gani unavuma. Nilikuwa nimelinganisha hoteli kwa miezi mitatu. Upepo sikuuuliza hata siku moja.

Nauli ilirudishwa. Chumba cha kisiwani tulichokuwa tumekilipia usiku ule, hela yake ilikwenda. Tangu siku hiyo kila ndugu anayenipigia simu kuuliza aende kisiwa gani, namrudishia maswali: una pasipoti gani, unakwenda mwezi gani, na unakwenda na nani? Picha za nyumba nyeupe zenye kuba za buluu tunazitazama mwisho.

Karatasi zako

Ugiriki imo ndani ya Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uswidi, Uholanzi au nchi nyingine ya umoja huo, unasafiri kwa kibali hicho pamoja na pasipoti yako, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Sisi wa Uingereza, na wenzetu wa Ireland, tunaobeba pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, tunahitaji viza hata kama tuna ukaazi wa kudumu. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye kadi ya kijani ya Marekani na kwa aliyeko Muscat, Dubai au Doha. Nimeona familia zikilipia kila kitu ndipo zikagundua hilo, na inauma sana.

Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Kituo kinachopokea maombi hutoza na chake juu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kwenda hadi 45. Kinachosumbua hasa ni kupata miadi, kwa hiyo anza kuitafuta Januari au Februari kama unataka kusafiri Juni. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku unayotoka Schengen, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Omba viza kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukiomba kwa nchi nyingine kwa sababu tu miadi yao iko karibu, unajitafutia maswali mpakani.

Mpaka viza iwe mkononi, chukua hoteli unayoweza kuifuta bila kulipa. Tiketi za boti zisubiri.

Mwezi na upepo

Upepo uliotulaza Rafina unaitwa meltemi. Unavuma kutoka kaskazini juu ya bahari ya Aegean na unapata nguvu Julai na Agosti, pale kanieneo kubwa ya hewa inapokaa juu ya Balkani na bara la Uturuki linapopata joto kali. Unaweza kuvuma siku tatu, hata wiki, na mbingu ikabaki safi kabisa, ndiyo maana mgeni hautambui mpaka afike gatini. Unapiga zaidi katikati ya Aegean: Andros, Tinos, Mykonos, Paros, Naxos. Upepo ukizidi, boti za kasi ndizo zinazozuiwa mapema. Meli kubwa za kawaida huvumilia zaidi, ingawa nazo kuna siku haziondoki.

Upande wa magharibi, kwenye bahari ya Ionia, mambo ni tofauti. Corfu, Kefalonia, Lefkada na Zakynthos hupata upepo wa mchana tu, mwepesi, na jioni bahari inatulia. Lefkada haihitaji hata boti: imeunganishwa na bara kwa daraja. Kwa hiyo mzazi aliyefungwa na likizo ya shule, ambaye hana mwezi mwingine ila Agosti, namwelekeza Ionia, au kisiwa kikubwa cha Aegean chenye ndege za moja kwa moja, asitegemee boti.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, nenda Juni au Septemba. Mimi napendelea Septemba kwa sababu ya maji. Mwezi Juni bahari iko kwenye nyuzi 21 au 22, na kwa mtu aliyezoea kuoga Nyali au Nungwi hayo ni maji ya kukutoa pumzi. Kufikia Agosti na Septemba yanakaribia 24 au 25. Halafu utakuta jambo litakalomshangaza kila mtu wa pwani: maji hayajai wala hayapwi kwa namna ya kuonekana. Hakuna bamvua, hakuna kusubiri maji yajae ndipo uoge, hakuna kutembea nusu saa juu ya mwani. Tandika taulo asubuhi hatua mbili kutoka majini, jioni utalikuta palepale. Kwa watoto wadogo hiyo ni neema.

Epuka siku za kuzunguka tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu ya Bikira Maria, kubwa kwao karibu kama Pasaka, na Wagiriki wengi wanarudi visiwani kwao. Tinos hufurika mahujaji, na nafasi kwenye meli zinakwisha mapema.

Visiwa vyenyewe

Rhodes ndicho ninachokitaja kwanza, hasa kwa familia yenye mzee ndani yake. Ni kisiwa cha takriban kilomita za mraba 1,400, pungufu kidogo ya Unguja, kwa hiyo siku kumi hazichoshi. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya. Meltemi hupiga pwani ya magharibi. Ya mashariki, kuanzia Tsambika kushuka Lindos, inakingwa na milima, na Tsambika ina mchanga laini na maji ya kina kifupi. Mama yangu, ambaye Santorini ingemuua magoti kwa ngazi zake, alitembea kwenye mji mkongwe wa Rhodes asubuhi nne mfululizo, ndani ya kuta walizojenga askari-watawa wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana, kwenye vichochoro vinavyofanana sana na vya Mji Mkongwe wa Unguja.

Kisiwa hiki kina historia inayotugusa. Waosmani, watawala wa Kituruki, walikichukua 1522. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana Waislamu na Wakristo wao, Rhodes na Kos vilikuwa chini ya Italia, kwa hiyo Waislamu wake hawakuhamishwa. Mpaka leo wapo, na msikiti wa Ibrahim Pasha mjini Rhodes unaswaliwa. Kos nako kuna kijiji cha Platani, chenye msikiti na mikahawa ya Kituruki. Kwa Mwislamu anayetafuta kisiwa, hivi viwili vina unafuu ambao Mykonos haina. Nanyi ndugu wa Lubumbashi: Wayahudi wengi wa Rhodes walihamia Katanga enzi za Wabelgiji, na baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, Nissim Soriano, alitoka hapo. Waliobaki walikamatwa na Wanazi Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz. Mtaa wao bado upo ndani ya kuta, pamoja na sinagogi la Kahal Shalom. Pitia, hata kwa nusu saa.

Jambo moja la kuangalia: moto wa misitu. Julai 2023 watu wapatao 19,000 waliondolewa kusini-mashariki mwa Rhodes. Simu yako ikipiga mlio mkali wenye ujumbe wa 112, namba ya dharura, usisubiri mhudumu wa hoteli aje kukueleza. Ondoka kama ulivyoelekezwa.

Krete ni kubwa, kilomita zaidi ya 8,000 za mraba, na kutoka mwisho hadi mwisho ni kama kilomita 260. Watu wanakosea kwa kujipangia kuizunguka yote kwa wiki moja. Chagua upande, Chania au Heraklion, ubaki huko, na ukodi gari. Leseni ya Uingereza au ya nchi ya Umoja wa Ulaya inatosha. Ya Kenya, Uganda au Tanzania iambatane na leseni ya kimataifa. Magari yanakwenda kulia. Zile pikipiki za magurudumu manne wanazokodisha kila kona usizipande na mtoto.

Naxos ndicho kisiwa changu mwenyewe cha moyoni. Ni kikubwa kuliko vyote katika Cyclades, visiwa vya katikati ya Aegean, kina mashamba ya viazi, jibini lake lenyewe, na mchanga mrefu wa dhahabu kutoka Agios Georgios, Agia Anna hadi Plaka. Jioni pweza ananing'inizwa kwenye kamba mbele ya mkahawa akauke, kisha anawekwa juu ya makaa. Aliyekula pweza wa Forodhani hatapata ladha ileile, kwa sababu wao hutia limau, mafuta ya zeituni na oregano tu, lakini hatahitaji kuelezwa anachokula. Kwa kweli Agosti Naxos ina upepo mkali. Nenda Juni.

Santorini ni nzuri kama wanavyosema, na ni ndogo, yenye watu wengi na ghali. Nyumba za kwenye picha zimekaa juu ya ukingo wa kreta ya volkano, hazina ufukwe. Kuogelea unashuka upande wa pili, Kamari au Perissa, kwenye mchanga mweusi unaounguza nyayo. Siku mbili kwa wawili waliooana karibuni, sawa. Wiki nzima na watoto, hapana. Mykonos ni ya muziki na usiku, na bei zake zinajulikana.

Mwenye siku tatu tu apande boti kutoka Piraeus kwenda Hydra, karibu saa mbili. Hakuna magari, mizigo inabebwa na punda, kama Lamu.

Na kwa Wakristo: hivi ndivyo visiwa vya Matendo ya Mitume, Kosi na Rodo na Krete. Patmo ya Ufunuo inafikika. Haina uwanja wa ndege, bali unaruka hadi Kos au Samos na kumalizia kwa boti. Pango linaloaminiwa kuwa la Yohana hufunguliwa kwa wageni. Vaa nguo za heshima. Wakatoliki wanaotaka misa Jumapili watafurahia Syros, ambako wapo tangu enzi za Waveneti.

Majina ya kukwepa, kama hutaki ulevi wa vijana chini ya dirisha lako: Malia huko Krete, Faliraki huko Rhodes, Kavos huko Corfu, Laganas huko Zakynthos. Nje ya hapo visiwa hivyo vina amani. Ghuba hiyohiyo ya Laganas ni mahali kasa wanapotaga, na fukwe zao hufungwa usiku. Waeleze watoto kabla hawajaanza kuchimba mchanga.

Mezani, mfukoni, bandarini

Souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuchomwa na kukatwa vipande) za mitaani mara nyingi ni nguruwe. Neno la kulijua ni *hirino*. Kuku ni *kotopoulo*, ng'ombe *moschari*, kondoo *arni*. Nyama ya halali ni adimu visiwani, hivyo wengi wetu tunakula samaki, maharage makubwa ya *gigantes* na mboga za mafuta ya zeituni, na hakuna anayelala njaa. Karatasi ya chooni inatupwa kwenye pipa lililo pembeni. Mabomba yao ni membamba. Kwenye visiwa vidogo nunua maji ya chupa.

Bei ya chumba uliyoiona mtandaoni mara nyingi haina kodi ya mazingira. Aprili hadi Oktoba, kwa kila chumba kwa kila usiku, hoteli ya nyota 3 hutoza yuro 5, nyota 4 yuro 10, nyota 5 yuro 15, na nyumba za kupanga kwa muda mfupi 8. Siku kumi kwenye nyota 4 ni yuro 100 zinazodaiwa mapokezi, na kadi yako isiposoma inakuwa aibu mbele ya watoto.

La mwisho nalisema wazi. Lesvos, Chios, Samos, Leros na Kos ndivyo visiwa wanakopokelewa wakimbizi wanaovuka kutoka Uturuki, na polisi hukagua watu wanapopanda meli kwenda bara. Mtu mweusi ataombwa karatasi kabla ya mwingine. Usiache kwenda kwa sababu hiyo, lakini beba pasipoti yenyewe na kibali chenyewe, si picha kwenye simu, na ufike bandarini mapema. Nilipoombwa zangu nilitoa, wakatazama, tukapanda.

Na usirudi kutoka kisiwani kwa boti siku ileile ya ndege yako. Lala Athens usiku mmoja. Juni ijayo tunakwenda Naxos kwa meli ile kubwa ya polepole kutoka Piraeus, saa tano na kitu, tiketi ya sitaha, ambayo ndiyo ya bei nafuu. Nimewawekea watoto majaketi, kwa sababu huko juu hata Juni upepo una baridi.