Jinsi ya kujua wadi yako Mombasa na ujue shida gani umpelekee nani

Masika moja mtaro wa mtaani kwetu uliziba, maji meusi yakaingia mpaka jikoni kwa jirani, tukakusanyana akina mama na vijana tukaenda ofisi ya mbunge. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri, mwisho tukaambiwa mitaro ni kazi ya kaunti, nendeni kwa MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Sasa MCA wenu nani? Watu sita tukataja majina matatu, manake wengine walikuwa wamejiandikisha wadi ya jirani na hawajui.

Kwa hivo anza na wadi. Mombasa ina maeneo bunge 6, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na ndani yake mna wadi 30. Kisauni ndio ina nyingi, 7, Jomvu ina 3 tu (Jomvu Kuu, Miritini, Mikindani), yaliobaki ni tano tano. Na jina la mtaa lisikuchanganye, mtu wa Kongowea hawezi kukwambia anaishi Nyali lakini eneo bunge lake ni Nyali, na huyo wa Bamburi hapo mbele kidogo yeye ni Kisauni. Lokesheni ya chifu pia ni kitu kingine kabisa, chifu ameajiriwa na serikali kuu, hapigiwi kura.

Beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC (tume ya uchaguzi) ya eneo bunge lako, uliza mambo mawili: kituo changu ni kipi na kiko wadi gani. Kama ulihama kutoka Likoni ukaja Mtopanga na hukubadilisha, kura yako bado iko Likoni, na kuhamisha lazima ufanye mapema kabla daftari la wapiga kura halijafungwa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, usingoje Julai.

Siku ya kura unapewa karatasi sita. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, gavana bluu, seneta manjano, mbunge kijani, halafu ya mwakilishi wa wanawake na ya MCA. Naibu gavana hana karatasi yake, anakuja na gavana. Mwakilishi wa wanawake anapigiwa kura na kaunti nzima, wanaume pia, na kazi yake iko Bunge la Taifa sio bunge la kaunti, hapo nimeona watu wazima wakikosea.

Sasa nani umsumbue kwa nini. Takataka, mitaro, taa za mtaani, soko, chekechea, zahanati, barabara ndogo za mtaa, hizo zote ni kaunti, yaani gavana ndie mwenye kutekeleza na MCA ndie wa kumbana na kupitisha bajeti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hizo ni serikali kuu, hapo ndio mbunge anaingia, na ndio maana miaka yote basari za CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) tumezifuata kwake. Seneta hana pesa za kukujengea kitu, kazi yake ni kupigania mgao wa kaunti na kumuuliza gavana zimetumika vipi.

Mimi nakuomba uweke nguvu kwa MCA, huyo ndie wa karibu zaidi na ndie watu wanampigia kura bila kumuuliza lolote. Bajeti ya kaunti inatakiwa ifike bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na mwaka wa pesa unaanza Julai 1, kwa hivo ukimwendea Agosti na mtaro wako utaambiwa subiri mwakani. Nenda Januari au Februari, na vikao vya wananchi vya bajeti vikiitishwa usikose.

Na usiende na maneno matupu. Andika barua, weka jina la wadi, mtaa, alama inayojulikana (nyuma ya msikiti gani, karibu na kisima gani), bandika picha, majirani watie sahihi na namba za vitambulisho. Toa kopi mbili, moja waache ofisini, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Wakinyamaza, hio yenye muhuri iambatanishe na ombi uliandikie bunge la kaunti lenyewe, kwa karani wa bunge, sheria inamruhusu mwananchi yeyote.