Kalenga siku ya kiingilio bure: jinsi ya kwenda na watoto

Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga ni nyumba ndogo. Siku ya kiingilio bure, mabasi mawili ya shule yakishusha wanafunzi, ndani hapapitiki. Fikeni saa tatu asubuhi, au subirini saa nane mchana.

Bure ni mlangoni tu. Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, upande wa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mkipanda daladala, mwambieni konda mapema kwamba mnashukia makumbusho, na mkishuka mumuulize gari la mwisho kurudi mjini ni saa ngapi. Bebeni noti ndogo ndogo, maana chenji ni shida: za nauli, za soda, na za kumshukuru mwongozaji.

Mei hadi Agosti asubuhi ni sweta, mchana ni kofia. Viazi vya kuchemsha, mayai na karanga vinastahimili safari. Chipsi zinalowa mfukoni kabla hamjafika. Maji, lita moja kila mtu.

Kinachoharibu matembezi haya ni mtoto ambaye hakuandaliwa. Humo ndani lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani chifu mkuu wa Wahehe, kwenye kioo, na mtoto wa miaka minne akilikuta ghafla atalia mpaka mtoke. Mwambieni usiku wa kabla. Kwa mdogo inatosha: ni babu shujaa, alichukuliwa mbali, akarudishwa nyumbani. Mkubwa apewe yote: Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, Wajerumani wakarudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga 1894, Mkwawa akapigana porini mpaka 1898, akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa kikapelekwa Ujerumani, kikarudi 1954.

Ndani, mtu mzima mmoja ashike watoto wawili, watatu wakizidi sana. Anzieni kwenye mikuki na ngao, fuvu liwe la mwisho. Kabla ya kupiga picha, ombeni ruhusa.

Nje, msiwaahidi watoto ngome. Kilichobaki ni kidogo mno, na aliyetegemea ukuta mrefu atanuna. Badala yake mwombeni mwongozaji awaoneshe ukuta ulipita wapi, watoto waufuate kwa miguu.

Isimila, kwenye zana za mawe za kale, iachieni siku nyingine. Iko upande wa barabara ya Mbeya, na kule korongoni kuna kutembea juani. Watoto waliokwisha choka Kalenga mtawabeba mgongoni.