Gonga chungu kabla ya kukiuza

Unayeanza biashara ya vyungu vya kufinyanga kwa mkono, usikimbilie mitungi mikubwa. Anza na vyetezo na vyungu vidogo vya kupikia. Hukauka mapema, na kimoja kikipasuka wakati wa kuchoma hasara si kubwa. Vikishapoa, gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti kali kama kengele, kimeiva. Kikitoa sauti butu, huenda kina ufa usioonekana, na mteja ataugundua mchuzi ukiwa jikoni. Hicho usikiuze hata kwa bei ya chee! Mwambie pia mnunuzi achemshe kwanza uji mwepesi ndani ya chungu kipya, wanga uzibe vitundu vya udongo. Wengi hawaambiwi, kikivuja wanamlaumu mfinyanzi.