Pedali ya gitaa kwenye bredibodi: anza hapa kabla hujashika risasi ya kulehemu

Mie niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, na huku kwetu kipande kikiungua si kwamba utavuka barabara ukanunue chengine. Utaagiza kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli kule Nairobi, mzigo upande basi hadi Mokowe, ushushwe, uvuke na boti, halafu uanze kuulizia gatini nani kapokea bahasha yako. Ndo maana nasema kama unataka kujitengenezea efekti za gitaa, yaani pedali za kubadilisha sauti yake, usikimbilie kulehemu, anza na bredibodi, kwa sababu kipande kile kile utakichomeka na kukichomoa mara hamsini na bado ni kizima.

Bredibodi ni kibao cha plastiki chenye matundu. Jina lenyewe ni la ubao wa kukatia mkate, zamani watu walikuwa wanapigilia misumari kwenye ubao kama huo wa jikoni na kufunga nyaya hapo. Kwa hivyo usiiogope.

Sasa hapa tulia kidogo maana wengi ndo wanapopotea. Ilaze mbele yako namba ziende kushoto kuelekea kulia. Kila namba ina matundu matano juu na matano chini. Yale matano yameshikana kwa ndani, waya ukiuingiza tundu moja ni kama umegusa yote matano, lakini matano ya juu na ya chini hayajuani kabisa, katikati pana mfereji unayatenga. Halafu pembeni kuna mistari mirefu, mwekundu na wa bluu, hiyo ndo ya umeme: mwekundu chanya, bluu hasi. Bodi nyingine ndefu hiyo mistari imekatika katikati na kwa macho huoni vizuri, mie nilikaa na bodi wiki nzima najua upande wa kulia una umeme kumbe hauna. Ukiwa na mita ya kupimia umeme iweke kwenye mlio, gusa mwanzo na mwisho wa mstari, isipolia basi unganisha kwa kipande cha waya.

Vitu vya kutafuta: betri ya volti 9 ile ya mraba na klipu yake, transista moja BC547 (kipande cha miguu mitatu cha kukuza sauti), rezista nne za kubana umeme (470k, 47k, 10k na 390 bila k), kapasita mbili zilizoandikwa 104 (zinapitisha sauti na kuzuia umeme wa betri), kitufe cha voliumu cha 100k, jeki mbili za gitaa na nyaya nyembamba ngumu. Rezista na kapasita unaweza kuzipata kwenye redio mbovu, kamuombe fundi redio wa mtaani atakupa maiti ya redio bure, japo miguu ya vitu vya kuchomolewa huwa mifupi na inakera kwenye bodi. Jeki haziingii kwenye matundu, hapo tu ndo utamuomba fundi akulehemie waya mbili mbili, au ubane na klipu za mdomo wa mamba.

Tutakayotengeneza ni busta, kitu cha kuikuza sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye ampu, kile kikuza sauti chenye spika. Mpango wake ni wa ukoo mmoja na LPB-1, kile kiboksi kidogo cha Electro-Harmonix ya New York cha mwishoni mwa miaka ya 60, transista moja tu na vitu vichache vya kuizunguka. Kaa nayo hii mpaka uielewe.

Chukua BC547, ule uso wake bapa ukutazame wewe, miguu chini. Kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Ichomeke namba 10, 11 na 12, nusu ya juu ya bodi. Na usikilize vizuri: kama dukani wamekupa 2N3904 badala yake, nayo inafaa, lakini miguu yake imegeuka, kushoto ni emita na kulia ni kolekta, kwa hivyo igeuze uso wake bapa uangalie kule. Mie hili lilinila siku mbili, sauti ilikuwa inatoka dhaifu kama mtu anapiga gitaa ng'ambo ya Manda, nikabadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kibaya.

Besi, yaani namba 11, ndo ina wageni wengi. Weka 470k kutoka 11 kwenda mstari mwekundu, 47k kutoka 11 kwenda bluu, na kapasita moja kutoka 11 hadi namba 8. Emita, namba 12, weka 390 kwenda bluu. Kolekta, namba 10, weka 10k kwenda mwekundu na kapasita ya pili kutoka 10 hadi namba 14. Kapasita hizi hazina mbele wala nyuma, chomeka utakavyo.

Namba 8 ni mlango wa kuingilia: waya wa ncha ya jeki ya gitaa unaingia hapo, na waya wa mwili wa jeki unakwenda bluu. Namba 14 inakwenda mguu wa pembeni wa voliumu, mguu wa pembeni wa pili unakwenda bluu, na mguu wa kati unakwenda ncha ya jeki ya kutokea. Mwili wa jeki hiyo nao bluu. Betri ya mwisho kabisa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa bluu. Na ni betri tu jamani, mambo ya umeme wa ukutani wa volti 240 usiyalete kwenye bodi hii hata kwa utani.

Rangi za rezista zitazame mchana. 470k ni njano, zambarau, njano. 47k ni njano, zambarau, chungwa. Usiku kwa taa ya simu hizo mbili ni mapacha, na ukizibadilisha transista inafunguka yote inabaki imekwama na gitaa lako linasikika la ajabu au halisikiki.

Kabla hujaunganisha ampu shika mita, waya mweusi kwenye bluu, mwekundu kwenye namba 10. Unataka kuona kati ya volti 4 na 6 hivi. Ukiona 9 kamili, transista haipitishi umeme, angalia 470k kama imeingia tundu sawa au mguu wa emita uko hewani. Ukiona chini ya 1, ndo yale mapacha niliyokwambia. Ukiwa sawa hapo, teremsha sauti ya ampu chini kabisa, chomeka gitaa, kisha panda polepole, maana kila ukichomoa waya spika inapiga kishindo na ukisahau mtaa mzima utajua uko macho.

Ikiwa volti ziko sawa na bado kimya, usianze kuchomoachomoa ovyo. Gusa kwa kidole namba 8, ukisikia mlio wa mmmm basi njia kutoka hapo hadi kwenye ampu iko hai na shida iko kwenye jeki ya gitaa au waya wake. Ukigusa 8 na usisikie kitu, gusa 14, ikilia hapo basi shida iko kati ya 8 na 14. Hivyo hivyo utambana mwizi. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Ikishalia sasa ndo raha inaanza. Chukua dayodi mbili 1N4148 (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), ziweke zote kutoka namba 14 kwenda bluu, moja mstari wake mweusi uangalie 14 na nyingine uangalie bluu. Sauti inaanza kukwaruza, kwa sababu kila dayodi inaukata mpigo ukifika kama volti 0.6, mmoja juu mwingine chini. Itashuka kidogo lakini itakuwa na meno. Toa hizo weka LED mbili nyekundu, utasikia imepanda tena na ukwaruzaji umepungua, maana LED zinasubiri mpaka karibu volti 1.7 au zaidi. Au zirudishe dayodi halafu kapasita ya namba 8 uibadilishe kutoka 104 kwenda 103, sauti nzito yote itaondoka gitaa libaki jembamba. Kwa wengine hiyo ni kasoro, mie kwa chakacha naipenda hivyo maana haigombani na ngoma.

Kelele za mmmm zitakuwepo, bodi iko uchi na nyaya zake ni antena. Fupisha nyaya, sogeza chaja ya simu mbali, na nyaya za kuingilia usizipitishe juu ya za kutokea, zikikaribiana sana busta inaweza kuanza kupiga mluzi yenyewe.

Jengine la sisi watu wa pwani: chumvi. Bodi ukiiacha dirishani mwezi mmoja, vibanio vya ndani vinaanza kushika kutu na utasikia krrr ukigusa tu mguu wa kapasita. Mie naifungia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na miguu ya transista naikwangua kwa wembe kabla ya kuichomeka. Na ukipata sauti unayoipenda, piga picha ya bodi kutoka juu, kisha uchore kwa mkono kwenye daftari nini kimeenda namba gani, kwa sababu paka wangu alishalala juu ya busta nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza na mpaka leo sijui ile kapasita ya kutokea ilikuwa ya ngapi.