Kuanzisha Kikundi cha Kujitolea Kutoka Kanisani, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa Mkristo anayetaka kuwakusanya waumini wenzake wachache ili wawahudumie majirani, iwe ni wazee wanaoishi peke yao, watoto wanaohitaji kusaidiwa masomo, au wagonjwa wasio na mtu wa kuwatazama. Nimeratibu vikundi vya namna hii kwa miaka mingi, na jambo moja limenikaa moyoni kuliko mengine: imani ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwake kwenda kuhudumu, lakini haipaswi kamwe kuwa malipo anayodaiwa yule anayehudumiwa.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kukusanya chochote

Kikundi changu cha kwanza kilianza kwa kukusanya nguo. Tulizifua, tukazipiga pasi, tukampelekea mama mmoja mzee ambaye kila mtu alimhurumia. Alitushukuru kwa adabu, akaziweka kando. Ilipita miezi kadhaa ndipo tulipojua kwamba macho yake yalikuwa yamefifia, na kwamba alichokikosa ni mtu wa kumsomea barua zake na maelekezo ya dawa. Tungemuuliza siku ya kwanza, angetuambia.

Katika Marko sura ya 10, kipofu Bartimayo anaitwa mbele ya Yesu, na hitaji lake ni wazi kwa kila aliyesimama pale. Hata hivyo Yesu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Ninawafundisha wanaojitolea wote kisa hicho kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu kinampa anayesaidiwa nafasi ya kusema mwenyewe. Nehemia naye alikaa Yerusalemu siku tatu, kisha akaukagua ukuta usiku akiwa na watu wachache, kabla ya kuwaambia wakuu wa mji neno lolote kuhusu ujenzi.

Tengeni basi majuma mawili au matatu ya kutembelea na kusikiliza tu, mkienda wawili wawili na mikono mitupu. Maswali matatu yananitosha. Ni kazi gani ya wiki iliyopita iliyokushinda kwa kukosa mtu wa kukusaidia? Ni nani anayekusaidia sasa, na siku zipi? Ni jambo gani usingependa tulifanye? Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa zaidi, maana watu wengi wamekwisha kujeruhiwa na wasaidizi waliotangulia, na hawatalieleza jambo hilo wasipoulizwa. Zungumzeni pia na ofisi ya ustawi wa jamii, wahudumu wa afya na waumini wa dini nyingine ambao tayari wanafanya kazi hiyo, ili msije mkaanzisha upya kile ambacho wengine wanakifanya vizuri.

Hatua ya pili: chagueni jambo moja na kuhesabu nguvu zenu

Mfano wa mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara, katika Luka sura ya 14, unahitaji kalamu na karatasi. Watu kumi wanaoweza kutoa saa mbili kila mmoja kwa wiki wanafanya saa ishirini. Ikiwa kila ziara huchukua saa mbili pamoja na safari, na watu huenda wawili wawili, hizo ni ziara tano tu. Ahidini nne, kwa kuwa daima kuna atakayeugua au kusafiri. Mzee aliyeahidiwa kutembelewa kila Jumanne, akaketi mlangoni akingoja watu wasiofika, ameumizwa kuliko yule ambaye hakuahidiwa chochote.

Hatua ya tatu: wapokeeni watu kwa uangalifu

Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza tatizo la kiutendaji kabisa: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuitisha tu maombi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani. Ninaliona hilo kuwa fundisho kubwa: inaelekea kazi ilikabidhiwa watu waliolijua lalamiko lenyewe kutoka ndani. Nanyi mtafuteni miongoni mwa wale mnaotaka kuwahudumia mtu wa kuketi pamoja nanyi mnapopanga.

Sifa njema haitambuliki kwa sauti nzuri ya kwaya wala kwa miaka ya kuketi kanisani. Kila anayejitolea ajaze fomu, ataje watu wawili wanaomfahamu nje ya kanisa, na mratibu azungumze nao kweli. Kama sheria za mahali mlipo zinataka uchunguzi wa polisi kwa wanaofanya kazi na watoto, zifuateni bila kumpunguzia yeyote, hata kiongozi. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto asiye wake mahali pasipoonekana. Wapo watakaosema kwamba kanuni hizi zinaonyesha kutoaminiana kati ya ndugu. Wajibuni kwa upole kwamba zinamlinda mtoto kwanza, na zinamlinda pia mhudumu mwaminifu.

Hatua ya nne: andikeni msimamo wenu kuhusu imani

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, kwa kuwa kila mmoja amekuja na wazo lake asilolisema. Mmoja anaamini kwamba ziara bila mahubiri ni bure, mwingine anaona aibu hata kutaja kanisa. Andikeni ukurasa mmoja, mkubaliane, kila mtu atie sahihi.

Wetu una mambo machache. Tunajitambulisha wazi kwamba tumetoka kanisani, kwa sababu kuficha ni udanganyifu. Msaada hautegemei kuhudhuria ibada, kusikiliza neno, wala kusali nasi. Kanuni za maadili ambazo Shirika la Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada waliziweka mwaka 1994 zinasema pia kwamba misaada isitumiwe kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini, na sioni kwamba Mkristo anapoteza kitu kwa kulikubali hilo. Msamaria wa Luka sura ya 10 alimhudumia majeruhi bila kumuuliza asili yake, akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaendelea na safari yake.

Kuhusu sala, kuomba ruhusa peke yake hakutoshi. Anayesaidiwa anajua kwamba anakuhitaji, na kwa hiyo ni vigumu kwake kukukatalia. Usimuulize mtu kama mnaweza kusali wakati mkono wako ungali umeshika kifurushi chake. Ngoja hadi yeye mwenyewe alete habari za imani, au uulize siku nyingine kwa namna inayofanya neno «hapana» liwe jepesi, na akilisema, ziara ijayo iwe na uchangamfu uleule.

Mwaka 1953 kasisi wa Kianglikana Chad Varah alianzisha, katika kanisa la St Stephen Walbrook jijini London, huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi. Baada ya muda mfupi aliona kwamba wengi wa waliofika kumwona walitulizwa na wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakiwapa chai na kuwasikiliza wakingoja zamu zao, akaikabidhi kazi hiyo kwa wahudumu hao. Kutokana na hapo lilikua shirika la Samaritans, ambalo wahudumu wake hawaruhusiwi kumlazimishia anayepiga simu imani yao. Huduma hiyo ilizaliwa ndani ya kanisa, mikononi mwa kasisi, na bado hakumdai mtu aliye ukingoni mwa kifo asikilize mahubiri kwanza.

Imani yenyewe ina nafasi pana katika maisha ya kikundi. Salini pamoja kabla ya kutoka. Mkirudi, ketini nusu saa msimuliane mliyoyaona, mwombee hasira na huzuni mliyorudi nayo, na msome kifungu kimoja kwa makini. Kikundi kinachofanya hivyo, kwa jinsi nilivyoona, hudumu kuliko kile kinachotegemea msisimko wa mwanzo.

Hatua ya tano: tunzeni siri

Onyo hili linatuhusu sisi Wakristo hasa. Umbea huweza kuvaa vazi la maombi: mtu anasimama katika kikundi cha sala, anaomba kanisa limkumbuke jirani fulani, na kwa sentensi mbili ugonjwa, madeni na ugomvi wa nyumba ile vimekuwa mali ya watu wote. Ombeni bila kutaja jina wala dalili itakayomtambulisha mhusika, isipokuwa yeye mwenyewe ameruhusu. Picha nazo msipige wakati wa kutoa msaada.

Hatua ya sita: fedha na zamu

Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba mchango ulisindikizwa na zaidi ya mtu mmoja ili asiwepo wa kuwalaumu. Fanyeni vivyo hivyo: watu wawili wahesabu, kila matumizi yawe na risiti, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Zamu nazo ziandikwe, na kila mmoja apate juma la kupumzika bila kuombwa sababu. Yethro alimwambia Musa kwamba angejichosha yeye pamoja na watu wake kwa kufanya kila kitu peke yake, naye Musa alimsikiliza.

Hatua ya saba: rudini na maswali yaleyale

Baada ya miezi sita warudieni watu mliowatembelea mwanzoni, mkiwa na maswali yaleyale matatu, lakini safari hii aende mtu ambaye hajawahi kuwahudumia, ili wawe huru kusema. Kama hitaji limebadilika, badilisheni kazi. Kama mnalazimika kusimama, watangazieni mwezi mmoja kabla, mtafute wa kuwapokezea kila mtu mliyekuwa mkimtembelea, na ziara ya mwisho aifanye mhudumu wake wa kawaida akiwa pamoja na yule anayempokea.